Kupiga simu ndani ya ndege: uzoefu wangu nikirudi Lamu

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani kutoka Ghuba baada ya miaka miwili ya kazi, na ndege niliyopanda hadi Nairobi inaruhusu abiria kupiga simu angani. Nimeitumia huduma hii mwenyewe, kwa hiyo nasema niliyoyaona.

Inafanya kazi, hilo sina shaka nalo. Ndege ilipokwisha kupanda na taa ya mikanda kuzimwa, simu yangu ikapata mtandao na ujumbe wa bei ukaingia. Nikampigia mamangu, aliye mtaani Langoni, Lamu. "U wapi?" "Niko juu, mama, ndani ya ndege." Akanyamaza. Kisha tukasema sote pamoja, kisha tukanyamaza sote pamoja. Ndani ya ndege mna mnara mdogo. Sauti hutoka hapo ikapanda hadi setilaiti iliyo kiasi cha kilomita 36,000 juu ya dunia, ndipo ishuke chini, kwa hiyo neno huchelewa. Ukishajua kungoja kidogo kabla ya kujibu, mnasikizana vizuri. Dakika nne zilinigharimu shilingi 2,000 na ushei. Ni ghali, lakini kumsikia mama akiwaita majirani, "Yuwaya! Yuwaya!", yaani anakuja, sikujuta hata senti.

Kiti cha mbele yangu alikaa kijana ambaye kwa lafudhi nilimjua ni mtu wa Malindi. Naye akapiga nyumbani kwa furaha ile ile. Aliweka spika kwa sababu ya mngurumo wa injini. Simu ikapokewa na mtoto, na mtoto hajui kuficha: "Babu amekufa. Watu wamejaa barazani." Babu wa mtoto yule ndiye baba wa kijana huyu. Safu tatu nne sote tulisikia. Hakulia. Niliona mkono wake umeshika kile kibanio cha meza ya kiti, akikifungua na kukifunga, akikifungua na kukifunga.

Kwetu msiba hauelezwi hivyo. Aliye safarini huachwa afike, apokewe na mtu mzima, akalishwe, apewe maji, ndipo aambiwe. Kijana yule alibakiwa na zaidi ya saa mbili za safari, mkanda kiunoni kwa kuwa ndege ilianza kutikisika, na huku nyuma mtu anauza gari kwa simu, na mama mmoja anamgombeza mfanyakazi wake wa nyumbani. Nilimpa maji na kumwambia pole. Sikuwa na jingine la kumpa. Kwenye basi mtu huomba kushuka, kwenye boti hugeukia bahari. Pale hakuna pa kwenda.

Mtu atasema ujumbe wa maandishi ungempa habari ile ile. Huenda. Lakini ujumbe huandikwa na mtu mzima aliyepima maneno, na husomwa na mwenyewe peke yake.

Wengi hudhani simu zilikatazwa kwa kuwa zingeangusha ndege. Lakini Marekani, tume yao ya mawasiliano, FCC, ilikataza mwaka 1991 ikihofia kuwa simu iliyo juu itashika minara mingi ya chini kwa wakati mmoja na kuvuruga mitandao. Mnara wa ndani ya ndege ulipoondoa hofu hiyo, tume ikapendekeza kulegeza mwaka 2013. Wahudumu wa ndege na abiria wengi wakapinga kwa ajili ya kelele na ugomvi, na mwaka 2020 pendekezo likaondolewa. Zamani ningewaona wagumu. Sasa niko upande wao.

Kutoka Nairobi hadi Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege wa Lamu, tulipanda ndege ndogo ya mapanga, simu zote zimezimwa. Humo rubani umemkaribia kabisa, na simu inayotafuta mtandao yaweza kumkwaruzia masikioni wakati anasikiliza maelekezo ya kutua. Saa moja na zaidi sikusikia sauti ya mtu. Nilitazama Mto Tana, kisha mikoko, nikamwombea marehemu nisiyemjua. Tulipotua, pale penye mapaa ya makuti, simu zikaanza kulia kila upande, na kwenye boti ya kuvukia kila mtu alikuwa akipiga kelele na nduguze. Haikumkera yeyote.

Kwa anayeuliza: ukiikuta huduma hii, zima data ya ng'ambo kabla hamjaruka, maana simu hupakua yenyewe na kulimaliza salio. Tumia ujumbe, sauti iache. Mashirika yana uwezo wa kufunga sauti na kubakisha ujumbe, na yapo yanayofanya hivyo; naomba na haya ya Ghuba yafuate. Mamangu hasomi meseji. Safari ijayo nitamwandikia mdogo wangu, amsomee.