Anthem au Kalasha: filamu ya Kisumu ipelekwe wapi?

Tuseme umetengeneza filamu fupi kuhusu mama muuza samaki wa Dunga, Kisumu, anayevutana na kanjo (askari wa jiji) juu ya leseni. Kalasha, tuzo za Tume ya Filamu Kenya, ziko hapa nyumbani, na watazamaji hawahitaji kuelezwa kanjo ni nani. Ila humo utashindana na mapenzi, vichekesho, kila kitu.

Anthem, tamasha la Marekani lililoanza 2011 ndani ya FreedomFest, mkutano wa watetezi wa uhuru wa mtu binafsi, linatafuta hasa kisa kama hicho: mtu mmoja, riziki yake, na serikali inayomzibia njia. Bila manukuu mazuri ya Kiingereza, lakini, Kijaluo cha mama huyo kitapotea hewani. Mimi ningeanza na Anthem. Viza tutaijadili ukichaguliwa.