Rosela ya kupima Mbeya mjini: chukua maua mazima, ya unga yaache

Rosela inayouzwa kwa kupima soko la Mwanjelwa na kwenye maduka ya viungo ya Mbeya mjini ni kinywaji kinachostahili hela yako, mradi ununue maua mazima. Ya unga hatuyapendekezi, hata paketi iwe ya kupendeza namna gani. Unga huficha mchanga, vijiti, mzigo uliokaa mno ghalani na hata rangi ya kuongezwa.

Tunaita maua, lakini petali hudondoka mapema. Kinachovunwa ni lile ganda jekundu lenye nyama linalolizunguka tunda. Tunda lenyewe, lenye mbegu na vinyweleo vinavyowasha, linatakiwa litolewe kabla ya kuanika. Ukikuta matunda ya kijani au kahawia yamebaki ndani, unalipia uzito usio na ladha. Rosela nzuri ina wekundu mzito unaokaribia zambarau, huvunjika ukiibana, na harufu yake ina uchachu wa matunda. Inayojikunja tu bila kuvunjika ina unyevu, na kwa mvua za huku itaota ukungu mapema. Ukifika nyumbani ipepete, kisha itunze kwenye chupa kavu yenye mfuniko, mbali na mwanga.

Rangi ikikutia shaka, loweka ua moja kwenye maji baridi, kisha dondoshea magadi kidogo. Wekundu wa rosela halisi hugeuka bluu au kijani cha kijivu. Ukibaki mwekundu vile vile, mna rangi nyingine mle. Maji hayo mwaga.

Kwa kikombe cha mililita 240, gramu moja na robo inatosha, yaani maua matatu au manne kutegemea ukubwa. Suuza haraka, mimina maji yaliyotoka kuchemka, funika. Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 tu, kwa hiyo dakika tano zinazoandikwa kwenye paketi nyingi hazitoshi. Yape nane hadi kumi. Usiyatokose jikoni nusu saa kama wengi wanavyofanya: uchachu unazidi, rangi inaelekea kahawia, vitamini C inapotea. Sufuria ya aluminiamu pia haifai, maana asidi ya rosela huila. Tumia stili, enameli au birika la udongo. Tangawizi inaelewana nayo vizuri sana. Sukari iwe kidogo, hasa kama unainywa kwa ajili ya presha.

Na kwenye presha ndipo rosela ina ushahidi wa maana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 ulihusisha watu wazima 65 wenye presha iliyopanda kidogo. Waliokunywa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita, namba yao ya juu ilishuka kwa wastani wa 7.2, waliopewa kinywaji kisicho na rosela, 1.3. Ni msaada mzuri, ila hautoshi kukufanya uache dawa. Anayemeza dawa za presha amwambie daktari kwanza, kwani viwili hivyo pamoja vinaweza kuishusha kupita kiasi. Mjamzito asiitumie.

Muuzaji akikwambia inaongeza damu kwa sababu ni nyekundu, usimfuate. Wekundu huo ni rangi ya mmea tu. Mwenye upungufu wa damu anahitaji kipimo, na vidonge vya madini ya chuma atakavyoandikiwa.

Kwenye meza za wauzaji hao hao kamomili, maua madogo makavu ya kutengenezea chai, imeanza kuonekana, nayo ni nzuri jioni kabla ya kulala. Hapa tuko wakali. Nyanda za juu kusini ndiko pareto inakolimwa, na ua lake, petali nyeupe na kitovu cha njano, linafanana sana na kamomili. Pareto ni dawa ya kuulia wadudu, haitengenezwi chai. Kamomili pasua kitovu chake: ndani ni tupu, kimechongoka juu, na kinanukia kama tufaha. Cha pareto ni bapa na kimejaa, na ua lenyewe ni kubwa zaidi. Yakishakauka na kusagika, kuyatofautisha kwa macho ni kazi ngumu. Kwa hiyo kamomili ya kupima usinunue kabisa. Chukua iliyofungwa, yenye jina la mzalishaji na tarehe ya mwisho wa matumizi.