Fedha kando ya dhahabu kwenye akiba ya uzeeni: iingie, ila kwa kipimo

Kiswahili chenyewe kinatega: fedha ni pesa, na fedha ni madini. Hapa ni madini, ile nyeupe ya sonara.

Kinachopimwa ni akaunti ya kustaafu ya Marekani inayoruhusu madini, ambayo wauzaji wake wanashawishi wateja waongeze fedha kando ya dhahabu. Ndugu walioko kule wanaweza kuifungua. Aliyeko Dodoma bila kipato cha kazi kinachotambuliwa na kodi ya Marekani hawezi kuichangia, na mifuko ya pensheni ya hapa, PSSSF na NSSF, haina dirisha la mwanachama kujichagulia madini. Mstaafu wa hapa anabaki na toleo la kabatini: kinoo, yaani kipande cha fedha kilichoyeyushwa kwa umbo la tofali dogo, kilichonunuliwa kwa kiinua mgongo.

Akaunti ina masharti makali lakini yanaeleweka. Dhahabu iwe na usafi wa asilimia 99.5, fedha 99.9, sarafu ya dhahabu ya American Eagle imesamehewa ingawa ni karati 22, chini ya usafi huo. Madini hayakai nyumbani kwako, yanakaa ghalani chini ya mtunzaji aliyeidhinishwa. Ukichukua kabla ya miaka 59 na nusu, kwa kawaida kuna adhabu ya asilimia 10 juu ya kodi. Kasoro iko kwenye ada ya ghala. Bei ya dhahabu ikiwa mara 80 ya fedha, mzigo wa fedha wenye thamani ileile unachukua nafasi karibu mara 147. Uliza mapema kama ada ni kiwango kimoja, ni kwa thamani, au ni kwa nafasi.

Bei nayo ina kichaa. Sehemu kubwa ya fedha inaishia viwandani, kwenye paneli za sola na vifaa vya umeme, hivyo uchumi ukiyumba dhahabu inakimbiliwa, fedha inakimbiwa. Aprili 2011 wakia (aunsi, kipimo cha uzito wa madini) ya fedha ilikaribia dola 50. Mwisho wa 2015 ilikuwa chini ya 14. Dhahabu ilishuka pia, kutoka juu ya 1,900 hadi karibu 1,050, lakini hilo ni anguko la mtu aliyejikwaa, si la aliyetumbukia kisimani. Machi 2020 wakia moja ya dhahabu ilinunua zaidi ya wakia 120 za fedha. Aliyebakiza miaka mitatu kazini hana muda wa kusubiri irudi: fedha iwe moja ya tano ya madini yake yote, inamtosha, na akiweka pungufu hajakosea.

Toleo la kabatini tunalipatia alama mbili kati ya tano. Kupima kama kinoo ni fedha halisi ni rahisi. Weka bakuli la maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, ning'iniza kinoo cha kilo moja kwa uzi kizame bila kugusa chini wala pembeni. Kikiwa fedha halisi, mizani isome takriban gramu 95. Risasi itasoma 88, shaba 112. Kwa dhahabu usiitegemee njia hii, maana tangsteni, metali nyingine nzito, inakaribiana nayo mno kwa uzito.

Ukavu wa Dodoma unasaidia kutunza, lakini raba bendi, sufu na gazeti vina salfa inayoitia fedha weusi. Tumia mfuko wa plastiki uliofungwa, usiwe wa PVC. Ikiwa nyeusi iache; kuisugua kunakula madini yenyewe.

Tatizo ni kuuza. Soko la madini ni la wenye leseni, si la mwenye kinoo kimoja. Sonara akinunua ni kwa kuyeyusha, kwa hiyo nyongeza uliyolipa juu ya bei ya dunia, ambayo kwa fedha huwa kubwa kiasilimia kuliko kwa dhahabu, imekwenda. Dai risiti yenye uzito, usafi na namba ya kinoo. Halafu, kabla hujatoa hela, muulize muuzaji leo hii yeye mwenyewe angekinunua kwa bei gani. Akianza kuzunguka, funga pochi.