TAHADHARI: Betri za kuchaji za "9900mAh" zinazouzwa mtandaoni, mimi nimeuziwa unga

Wakuu, kabla hujatuma hela kwa mtu anayeuza betri za kuchaji mtandaoni, nipe dakika chache. Nimeshapigwa, kipimo cha presha cha bi mkubwa kimeungua, na jamaa bado yupo anauza.

Jina la ukurasa wake silitaji. Simwogopi, ila ule wa kwanza ameshaufuta na kufungua mwingine. Nikikupa jina leo, keshokutwa utakutana naye kwa jina jipya na utajiona uko salama. Bora uijue bidhaa yenyewe.

Ilikuwa hivi. Mtaani kwetu umeme ukiondoka usiku unaondoka kweli, na joto la Dar mnalijua. Nina tochi ya kichwa na kifeni kidogo cha mezani, vyote vinatumia ile betri nene ya lithiamu, unene wa kidole gumba, inayoandikwa 18650. Zangu za zamani zilikuwa zimechoka. Nikaona tangazo: 18650 "9900mAh original", elfu tano moja. Ukichukua nne anakuongezea nane za saizi ya rimoti, za kuchaji nazo, "4800mAh", kwa elfu kumi na mbili zote. Unalipa ukipokea mzigo.

Hapo kwenye kulipa ukipokea ndipo nilipolainika. Nikajiambia, tapeli gani anakubali uone mali kwanza? Bodaboda akafika, nikachana bahasha, betri zinang'aa, maandishi ya dhahabu, hologramu ndogo ubavuni. Nikatoa elfu thelathini na mbili, na elfu tatu ya boda. Nilichokuwa nanunua kilikuwa ndani ya chuma, macho yangu yangeona nini? Betri nzima na betri feki zikivaa lile ganda la plastiki ni pacha.

Usiku ule nikaziweka mbili kwenye chaja. Baada ya saa moja na robo taa ikawa kijani. Nikafurahi kama mjinga, nikasema hizi zinachaji haraka. Hesabu nilikuja kuifanya baadaye: chaja yangu inatoa milliampea 500 kwa kila tundu. Betri ya 9,900 kweli ingekaa humo karibu saa ishirini. Ukiona imejaa ndani ya saa moja na ushee, jua kilichoingia ni kama 600 hivi. Hiyo mAh ni ujazo wa betri, sawa na lita kwenye dumu. Mtu amekuuzia dumu la lita kumi, ukalijaza kwa vikombe viwili likafurika.

Umeme ulipokatika siku mbili baadaye, tochi iliwaka vizuri, ikaanza kufifia, na kabla ya dakika arobaini ilikuwa inatoa mwanga wa sigara. Zile za zamani nilizoziita zimechoka zilikuwa zinafika saa tatu.

Nikamtafuta. Alijibu haraka na kwa adabu, lazima niseme. "Bro, betri mpya hizo, bado hazijazoea. Chaji masaa kumi na mbili mfululizo, tumia mpaka ziishe kabisa, rudia mara tatu. Ndo zinafunguka." Maelezo haya wengi tumeyasikia tangu enzi za simu za mwanzo, kwa hiyo yanaingia akilini. Lakini lithiamu haihitaji mambo hayo. Inatoka kiwandani na ujazo wake, na kuimaliza mpaka tone la mwisho ni kuiumiza. Zile za rimoti zinazoitwa NiMH zinaweza kuchangamka kidogo baada ya kuchajiwa mara mbili tatu, ila kuchangamka huko hakuwezi kugeuza 480 kuwa 4,800.

Sasa piga hesabu ya siku. Saa kumi na mbili za kuchaji, kisha uitumie iishe, mara tatu, ukizingatia una kazi na familia. Wiki imepita. Na garantii yake? Siku saba. Nilipomrudia siku ya tisa akaniambia, kwa adabu ile ile, muda wa kurudisha umeisha. Kwa hiyo wakuu, ukisikia muuzaji anakwambia "zizoeshe kwanza", jua anahesabu siku.

Nikazibeba hadi Kariakoo kwa fundi mmoja ninayemwamini, anatengeneza spika na betri za laptopu. Hakuuliza swali. Alizipima kwa mkono kwanza, moja kiganja cha kulia, na kiganja cha kushoto akaweka betri chakavu aliyoitoa kwenye laptopu iliyokufa. Akacheka. Akatoa mizani ndogo kama ya jikoni. Ile ya laptopu: gramu 46. Ya kwangu ya "9900": gramu 24. Akabadilisha, akaweka nyingine: 25.

Akaimaliza chaji moja kwenye balbu, akachana ganda, akakata chuma taratibu kwa koleo. (Usijaribu nyumbani, lithiamu ikipigwa shoti ndani inawaka moto na moshi wake ni sumu. Yeye aliitoa nje ya kibanda kwanza.) Ndani kulikuwa na kibetri kidogo, chembamba kuliko kidole changu cha mwisho, na pembeni yake kote kumejazwa unga mweupe. Akaugonga ukamwagika kwenye gazeti. "Hii kaka ungekoroga uji tu," akaniambia. Sijui ni unga wa nini na sikuuonja.

Basi kumbukeni namba hizi, ndizo zitawaokoa. Betri ya 18650 nzima ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Ujazo wake, kwa viwanda vinavyojiheshimu, ni kati ya 2,000 na 3,600 hivi, na hizo mpya kabisa zinazokaribia 4,000 ni chache na ni ghali, huwezi kuzikuta kwa elfu tano. Ukiona 5,000, 6,800, 9,900 au 12,000, usianze kupatana bei, ondoka. Hakuna anayeweza kuingiza umeme huo kwenye kichuma cha ukubwa ule.

Na 18650 yenyewe si ujazo. Hii nimegundua wengi hatujui, mimi wa kwanza. Ni vipimo vya umbo: milimita 18 upana, milimita 65 urefu, na ile sifuri ya mwisho inasema ni ya mviringo. Kutojua hilo ndiko kulikonichoma mara ya pili, na hapa ndipo ninapouma meno.

Nilipombana sana yule muuzaji, nikamtishia kwenda Tume ya Ushindani (FCC), akasema atanipa fidia. Akatuma betri nne za saizi ya rimoti, "hizi ni kali zaidi mkuu, ni 14500". Nikasoma kwenye ganda, kweli, 14500 kwa herufi kubwa. Nikaona nimeshinda kesi! Elfu kumi na nne na mia tano! Nikazichaji, nikaziweka kwenye kipimo cha presha cha bi mkubwa kinachotumia betri nne. Alibonyeza kitufe, skrini ikawaka mara moja, tukasikia harufu ya plastiki, ikawa mwisho wake.

14500 ni milimita 14 kwa 50. Umbo lake ni lile lile la betri ya rimoti, linaingia bila shida, lakini ni lithiamu ya volti 3.7, na ikijaa ni 4.2. Betri ya rimoti ya kawaida ni volti 1.5, ya kuchaji ya NiMH ni 1.2. Kifaa kilichotengenezwa kupokea volti 6 nilikipa karibu 17. Maandishi ya "3.7V" yalikuwepo pale pale kwenye ganda, madogo, chini ya ule mstari wa dhahabu. Hilo kosa ni langu pia. Lakini mtu anayeuza betri kila siku alijua anachonitumia baada ya mimi kumwambia ni za nini. Kipimo kipya kimenigharimu kuliko mzigo wote wa kwanza, na bi mkubwa mpaka leo akiniona na betri ananiuliza, "hiyo ni ya mwizi wako?"

Zile nane za "4800" nazo nilizipima. Gramu 15 kila moja. NiMH nzima ya saizi ile ina gramu 26 hadi 30. Kwenye chaja ya fundi inayosoma ujazo, iliyofanya vizuri kuliko zote ilitoa 510. Ujazo wa kweli wa saizi hiyo ni 1,900 hadi 2,100 kwa zile zinazotunza chaji muda mrefu, na zile zinazosukumwa hadi mwisho hufika 2,500 au 2,700 na kidogo. Angalia Eneloop, zile zilizoletwa na Sanyo ya Japani mwaka 2005 na sasa ni za Panasonic: za kawaida zinaandikwa 1,900 au 2,000 basi. Nazo zinaghushiwa, kwa hiyo mizani haistaafu. Ndogo zaidi, za rimoti nyembamba, ni 750 hadi 1,100.

Kuna mtindo mwingine unaingia sasa, betri za saizi ya rimoti zenye kitundu cha kuchajia kwa waya wa simu, volti 1.5. Hizi zipo za kweli na zinafanya kazi, ila angalieni maandishi. Zinaandikwa 3,400 mWh (hiyo ni mAh ukizidisha kwa volti), na muuzaji anakutajia "elfu tatu mia nne" tu, unadhani ni mAh. Gawanya kwa 1.5 upate ukweli: kama 2,270. Pia zina saketi ndani, na kwenye redio ya AM saketi hiyo inaweza kuleta mlio wa kukwaruza. Kama mzee wako anasikiliza redio ya aina hiyo, mpe NiMH. Saa ya ukutani iache na betri ya kawaida ya kutupa, inakula kidogo sana, kuiwekea ya kuchaji ni kupoteza betri.

Swali ambalo najua litakuja: mbona volti 1.2, si ndogo? Vifaa vingi havina tatizo. Betri ya kutupa inaanza 1.5 lakini inashuka kadiri unavyotumia, wakati NiMH inang'ang'ania hapo hapo kwenye 1.2 karibu mpaka mwisho. Ila alama ya chaji kwenye baadhi ya vifaa itakudanganya kwamba imebaki nusu.

Sasa hivi natumia nini? Fundi aliniuzia 18650 mbili za kutoka kwenye laptopu, elfu tatu moja, akazipima mbele yangu: 1,840 na 1,790. Aliniambia wazi ni mtumba. Kifeni kinaenda. Nikanunua na chaja inayosoma ujazo na kukata yenyewe ikifika volti 4.2, maana zile chaja za bei ya chips hazikati, zinaendelea kusukuma mpaka betri inakuwa ya moto kama yai la kuchemsha. Usiichaji juu ya godoro, wala ukalala ukaiacha. Na usiiweke mfukoni pamoja na funguo.

Ukiletewa mzigo, mizani ya jikoni itoe nje mlangoni, pima mbele ya bodaboda. Akikukatalia, mrudishe nao. Kama ulishalipa, tunza risiti, bahasha na mazungumzo yenu, usitupe hata ganda, kwa sababu FCC na TBS, wale wa viwango, ukiwapelekea maneno matupu hawana pa kuanzia. Zile mbovu usizichome kwenye takataka. Zangu nimezibandika selotepu kwenye ncha, zipo ndani ya kopo kwa fundi.

Jana jioni nimekutana na ukurasa mpya. Jina jingine, namba nyingine, wafuasi tele. Betri ni zile zile, safari hii zimeandikwa 12800mAh, elfu sita. Nimemjua kwa picha: zimepangwa juu ya kitambaa kile kile cha meza chenye maembe, na doa la chai kwenye kona.