Kupima saratani ya mlango wa kizazi: kipimo kizuri, pazia baya

Nina miaka 41, naishi Kibosho, juu huku Moshi vijijini. Mhudumu wa afya amekuja kwenye kikao chetu cha vikoba sijui mara ngapi kutuhimiza tukapime, tunaitikia ndiyo, ndiyo, akiondoka tunarudi kwenye marejesho. Mwaka huu tulimzika jirani yetu. Hedhi ilishamkoma, damu ikaanza kutoka tena, akadhani imerudi tu. Baada ya msiba wifi yangu akaniambia, "Tunaenda." Mama mkwe akasema naye haachwi nyumbani.

Kituo sitakitaja. Huduma ni bure, nilichotoa mfukoni ni nauli ya bodaboda tu. Tulifika saa mbili, tukaingia saa tano. Foleni naivumilia. Kilichoniudhi ni yule wa mapokezi aliyepaza sauti, "Wale wa saratani wakae benchi hili!" Benchi zima la pili likageuka kututazama, na mmoja wao ananunua maziwa kwangu kila asubuhi.

Chumba kina pazia lisilofika upande wa pili. Muuguzi, binti mdogo tu lakini mwenye mkono mtulivu, alipoona nasitasita alichukua kanga yangu ya pili akaibana kwa pini kuziba ule mwanya. "Mama, sasa hapa ni mimi na wewe." Hapo nikalala.

Kipimo chenyewe hakikufika dakika kumi. Anaingiza kile chombo kama mdomo wa bata, kinabana lakini hakiumi ukilegeza mwili, anawasha taa, anapaka pamba yenye siki kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja. Ndiyo, siki, harufu ileile ya kachumbari. Seli zilizoanza kubadilika zinageuka nyeupe. Inawasha kidogo. Jibu nilipewa palepale: hasi, nirudi baada ya miaka 3. Zile habari za kijiweni kwamba wanakuvuta kizazi, mimi sijavutwa kitu.

Mama mkwe hakupimwa. Muuguzi alimweleza kwa heshima kwamba ukishakoma hedhi ile sehemu inayotazamwa huingia ndani, siki haioneshi vizuri, kwa hiyo inafaa kipimo cha HPV, yaani virusi vinavyoleta saratani hii, ambacho pale hakipo. Akamsisitiza: damu ikitoka hata tone, aje mbio. Njiani alinuna kwamba kavishwa kanga mpya bure.

Wifi alikutwa na doa jeupe. Hana maumivu, hana damu, hana dalili yoyote. Aliambiwa hiyo si saratani bado, ni mabadiliko ambayo yakiachwa yanaweza kufika huko baada ya miaka, na dawa yake ni kulichoma kwa joto siku hiyohiyo. Ila mashine ilikuwa mbovu. Mtu amejikaza miaka yote, amepanda kitandani, halafu anapewa karatasi ya rufaa ya mjini! Wangapi wanaishia na hiyo karatasi chini ya godoro? Wifi nilimsindikiza mwenyewe wiki iliyofuata. Kuchomwa kulikwisha kabla sijamaliza chai. Ameambiwa majimaji yatatoka wiki kadhaa na akae mwezi mzima bila tendo. Shemeji kanuna, atazoea.

Mkienda: msiende mkiwa kwenye siku zenu, msijisafishe ndani kwa sabuni siku ya kabla, vaeni sketi pana, na bebeni kanga mbili. Binti zenu wa miaka 9 hadi 14 chanjo ya HPV wanapata bure, na tangu 2024 ni dozi moja tu. Wangu alichanjwa shuleni, akalalamika mkono siku moja.

Nyota 3 kati ya 5, zote za yule muuguzi. Juzi nilipita pale kumpelekea ndizi. Pazia ni lilelile.