Gego la mtoto: kung'oa au kuziba?

Binti yangu alikuwa na miaka 5 gego la chini likatoboka, ukimulika na tochi ya simu unaona kashimo keusi na ugali umenasa humo. Huku Mwanga, Kigoma, kila mtu akaniambia ng'oa tu mama, si la utoto hilo, litaota lingine. Kweli kung'oa ni fasta, ganzi, dakika chache mmemaliza, na hela kidogo. Ila jamani gego la utoto hukaa mpaka miaka 10 hadi 12 na ndo linalolishikia nafasi jino la ukubwani, ukiling'oa mapema meno ya jirani yanasogea afu lile jipya linaota limebanana au limepinda. Kuziba kunataka hela zaidi na mtoto atulie mdomo wazi, hapo ndo kazi, wangu alilia mpaka akalala mgongoni kwangu njiani. Lakini analitafunia mpaka leo. Mi nasema kama ufizi haujavimba wala hakuna usaha, ziba. Likishafika kwenye usaha na mtoto halali usiku, mara nyingi ni kung'oa, usicheleweshe.