Modeli "adimu" za mnadani: unalipia plastiki au boksi?

Kwa modeli za plastiki za kuunganisha ninazoagiza Mombasa kupitia minada ya mtandaoni, natoa nyota tatu kati ya tano. Mali ni nzuri, kinachoudhi ni hilo neno "adimu". Kizuri chajiuza.

Chukua ndege ya kivita Spitfire Mk I ya Airfix, kampuni ya Uingereza, skeli ya 1/24. Ilitoka 1970, na kalibu ileile imerudi kiwandani mara kadha, ikibadilishwa boksi na stika. Ukilipa mara tatu kwa lile boksi la kwanza, tofauti yote ni karatasi. Wa kuweka kabatini, haya. Wa kuunganisha atafute toleo la karibuni, ingawa kalibu ikizeeka huacha vijipande vya plastiki kingoni, ujiandae kukwangua kwa kisu. Tovuti ya Scalemates inaonyesha kila kalibu imetoka miaka gani. Kisha chuja minada iliyokwisha kuuza: bei anayoitaka muuzaji si bei ya soko.

Omba picha tatu: matawi yote ya plastiki yanayoshika vipande, juu ya meza, vioo, na stika kwenye mwanga wa mchana. "Haijaanzwa" haimaanishi mifuko haijafunguliwa. Kwenye magari, uliza kama tairi laini zimegusa plastiki. Mafuta ya tairi huiyeyusha taratibu na kuacha shimo lisilozibika vizuri.

Stika zilizogeuka manjano zisikutishe. Zitie kwenye mfuko wa nailoni, uubandike dirishani, na jua la hapa litazing'arisha. Zilizopasuka ndizo kazi: pulizia vanishi angavu, acha ikauke, kata kila moja kwa ukaribu kabla ya kuilowesha majini ili ibanduke. Anza na ile usiyoihitaji. Vioo usivigandishe kwa supa glu. Unyevu wetu huifanya itoe ukungu mweupe ndani ya chumba cha rubani. Gundi nyeupe ya mbao inatosha.

Sasa pesa. Dau la pauni 60 na usafiri 30 ni 90. Tukichukua ushuru wa 25%, ongeza 22.50. VAT ya 16% huhesabiwa juu ya hiyo 112.50, yaani 18 nyingine. Umefika 130.50, na bado tozo ya IDF (ada ya tamko la uagizaji) na ile ya reli. Kwa hiyo dau lako la mwisho liamue kwa kuhesabu kinyumenyume, kuanzia pesa uliyo nayo mfukoni.

Minada mingi ya Waingereza hufungwa Jumapili jioni kwao, kwetu saa nne au saa tano usiku. Weka dau moja, sekunde za mwisho. Ukiona akaunti mpya inayopandisha bei kwa muuzaji huyohuyo kila mara, ondoka.

Na mwambie muuzaji atie boksi ndani ya boksi, mto wa sentimita 5 kila upande. Rangi na gundi zinazowaka asitie: ndege haizibebi.